Nilimpa Master kamera anikagulie settings, akaona picha za ndani: yaliyonikuta harusini Kisarawe

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi akina dada mnaosoma kimyakimya bila kuandika chochote, nawaona pia.

Hiki ninachosimulia kimenitokea mimi, sikuhadithiwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wana simu na wanajua kusoma. Mengine yote nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga.

Mimi ni binti, naishi Mkuza, Kibaha, na kazi yangu ni kupiga picha. Sikusomea popote. Nimejifunza kwa video za bure, kwa nyuzi za jukwaa hili na kwa kuharibu birthday za watoto wa majirani.

Ugonjwa wangu ni mmoja. Siyaamini macho yangu, naamini namba.

Kwa wasiojua kamera: nyuma kuna kitufe chenye alama ya pembetatu. Ukikibonyeza, inakuja picha uliyopiga. Ukibonyeza cha juu yake, picha inasinyaa inakuwa kama stempu, na pembeni zinajaa namba. Shata ilifunga kwa kasi gani, ISO (ule usikivu wa mwanga) ngapi, lenzi ilifunguka kiasi gani. Chini kuna kigrafu chenye vilima, kinachokuambia kama picha imeungua kwa mwanga au imezama gizani.

Mtu mwenye akili timamu anaangalia mara moja, anarekebisha, anaendelea na kazi.

Mimi naangalia kila picha. Keki inakatwa, mimi nimeinama nasoma vilima. Maharusi wanaingia, mimi nimeinama. Mama mmoja wa Tumbi alishawahi kunishika bega akaniuliza, "Binti, sherehe iko huku mbele. Huko nyuma umepoteza nini?"

Nilicheka. Halafu nikainama tena.

Sasa kuna huyu kaka, tumwite Master. Cheo hicho kajipa mwenyewe. Ana studio Maili Moja na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu anavyomiliki. Tabia yake ni kukupokonya kamera bila kukuomba, kupitia picha zako, kisha kukucheka mbele ya watu.

"Dada, hapa umepiga picha au umemwaga mchanga?"

Anamaanisha chengachenga, zile zinazotokea ukipandisha ISO kupita kiasi. Utani huo anao mmoja tu, na kila akiutoa wenzetu wanacheka kana kwamba umetoka kiwandani leo.

Na mimi, badala ya kumkwepa, nilikuwa namtafuta. Nilitaka siku moja tu aangalie picha zangu akose la kusema. Mnaelewa ninachosema? Nilikuwa naogopa kucheka kwake kuliko ninavyoogopa kamera kudondoka.

Basi akapata kazi ya harusi Kisarawe. Familia ikampa sharti: nje kwa wanaume apige yeye, ndani kwa wanawake aingie mpiga picha wa kike. Master hana mwanamke mwingine anayemfahamu mwenye kamera. Lakini alivyonipigia simu ungedhani ananipandisha cheo.

"Nakupa chansi. Usinitie aibu."

Tulipofika, mlangoni alikuwa shangazi yake bibi harusi, mama mnene mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa picha? Uko peke yako?"

"Peke yangu, shangazi."

"Simu za watu wote ziko kwenye beseni lile pale. Kinachoingia ni kamera yako tu. Za ndani ni za ndani. Atakabidhiwa bibi harusi mkononi, hakuna mtu mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kwa ambaye hajawahi kuingia shughuli hizi: ndani, baibui na ushungi vinavuliwa. Khanga zinafungwa kiunoni, bibi harusi anaimbiwa na kufundwa, watu wazima wanacheza mpaka unasahau kuwa ndio waliokuitikia salamu kwa ukali pale nje. Mwanamume hatii mguu. Ndiyo maana wanacheza vile.

Pembeni alikaa dada mkubwa wa bibi harusi, tumwite Zuhura. Ni mwalimu wa madrasa pale mtaani, watoto wanamwita ustadhati. Alikuwa na ushungi wake kichwani, anapiga makofi tu.

Wenzake wakamvaa.

"Ustadhati leo kapigiliwa misumari!"

"Mdogo wako anaolewa mara ngapi, we Zuhura? Au unasubiri tukulipe?"

Zuhura akacheka, akaninyooshea kidole. "Kizuizi ni huyo. Hiyo kamera yako mdogo wangu, nani ataangalia?"

Nikamjibu pale pale, sikumeza hata mate. "Bibi harusi tu, dada. Cheza. Nakuapia haitoki humu."

Akanitazama kidogo. Akavua ushungi, akaukunja vizuri, akauweka juu ya mto. Akaingia kati.

Jamani.

Nimepiga picha nyingi katika maisha yangu mafupi, sijapiga kama ile. Mwanga wa dirisha ulimjia ubavuni, kichwa kakirusha nyuma anacheka, nywele nusu zimefumuka, na nyuma yake mdogo wake anampigia makofi huku machozi yanamtoka. Nikainama kuangalia. Vilima vyote vilikaa katikati. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichozama.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani leo.

Lakini wingu likapita. Chumba kilikuwa na pazia la bluu na taa moja ya mrija. Kupiga tena, kuangalia nyuma: nyuso za bluu, mchanga kila mahali. Nikabadilisha hiki, nikaangalia. Nikabadilisha kile, nikaangalia. Nikamsikia Master kichwani mwangu anacheka kabla hata hajaona.

Nikatoka kwenda kumuuliza.

Sikilizeni sasa ujinga wenyewe. Kabla sijatoka nilichagua picha ya mikono tu, ile ya hina. Mikono haina sura, haina nywele. Nikajiona mwerevu kabisa. Nilisahau kwamba kwenye playback, yaani ukishabonyeza ile pembetatu, kila picha ina jirani, na jirani yuko mbali kwa kidole kimoja.

Nje wanaume walikuwa chini ya turubai wanamsubiri sheikh. Master kakaa na mshenga, yule mzee aliyesimamia posa upande wa bwana harusi. Mzee wa heshima, kanzu imepigwa pasi mpaka ina makali.

"Shikamoo mzee. Master, niangalizie settings. Hii hapa tu, usisogeze."

"Lete." Akaipokea. Mimi nikabaki nimeshika mkanda. "Mmh. Dada, umepiga picha au umemwaga mchanga?"

Mshenga akacheka. Na mimi nikacheka. Mnisamehe, nilicheka.

"Mikono hainipi jibu. Ngoja nione za nyuma."

"Master, hapana, za nyuma ni za..."

Kidole kilishazungusha. Moja, nyingine, nyingine. Kwa kuwa zile namba zilikuwa zimewashwa, picha zilikuwa ndogo kama stempu, zinaonekana rangi tu. Nikadhani nimepona.

Halafu akafanya kile ambacho sisi wote tunafanya tukitaka kujua kama picha imekaza, haina ukungu. Akaivuta. Uso ukajaa kioo kizima.

"Aaah! Hii sasa! Hii umeipatia, dada! Ona macho yalivyokaza!"

Wakuu, nakiri jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu. Kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Master kanisifia.

Kisha mshenga akainamisha kichwa. "Huyu si yule ustadhati anayewafundisha wajukuu zangu?"

Kidole cha Master kikapitisha picha.

"Astaghfirullah!" Mzee akaziba macho kwa kiganja, vidole vimeachana kama uzio wa fito. "Astaghfirullah. Hebu irudishe nihakikishe."

Nikavuta mkanda. Kamera ikanigonga kifuani, nikaikumbatia. Nilipogeuka, shangazi alikuwa mlangoni. Alikuwa ametutazama, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja.

Hakupiga kelele. Alikuja taratibu mpaka pale.

"Mimi sikuona kitu," mshenga akamuwahi. "Macho yenyewe mabovu, na miwani nimeacha nyumbani."

"Kama hukuona, mzee wangu, unajitetea nini?" Kisha kwangu, bila kunitazama: "Ingia ndani."

Ndani ngoma ilisimama. Shangazi akawaeleza, maneno machache tu. Hakuna aliyenitukana, na nilitamani wangenitukana.

"Futa zote," akasema shangazi.

Bibi harusi akaanza kulia. "Shangazi, mimi kesho kutwa nasafirishwa Tunduma. Wenzangu wote hawa nitawaona lini tena? Nibaki na nini?"

Ikaamuliwa hivi: nioneshe picha moja moja, na kila aliyemo aseme mwenyewe ibaki au ifutwe. Nikazima zile namba. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaziona picha zikiwa nzima. Kumbe kulikuwa na watu mle.

"Hiyo iache, nimependeza kuliko bibi harusi."

"Futa hiyo haraka, nimekunja uso kama niliyelamba shubiri."

"Mimi iache. Aliyeona ameona, na aumwe."

Wakaanza kucheka tena, kidogo kidogo. Mpaka tulipofika kwa Zuhura.

Ushungi alikuwa ameshaurudisha kichwani. Akaipokea kamera kwa mikono miwili, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Jirani yake akachungulia. "Mashallah, Zuhura, umependeza."

"Nimeona," akasema. Akanirudishia. "Futa."

Kamera ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza. Picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na mpaka leo sijapata nyingine.

"Imefutika?"

"Imefutika, dada."

"Na kule nje, utabonyeza kitufe gani?"

Akarudi kukaa pembeni, akaendelea kuwapigia wenzake makofi. Hakuinuka tena.

Wakati wa kurudi, garini, Master alinilaumu. Kwamba mteja mgumu kama yule shangazi ningemwachia yeye aongee naye. Halafu tukiwa njiani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ila ile ya yule dada, ulitumia settings gani? Nataka nijaribu."

Nikamwambia imefutwa.

"Dah, pole," akasema. Alidhani nasikitikia picha.

Sasa mambo hayajaishia hapo, ndiyo maana nimeleta uzi. Bibi harusi amenitumia ujumbe akiwa huko Tunduma. Picha zake amezipokea, anashukuru. Lakini anasema yule mshenga, ambaye hakuona kitu, anapita kwenye vijiwe vya kahawa anaonya jamii kuhusu kamera za siku hizi. Anaonya kwa maelezo kamili: khanga ilikuwa ya rangi gani, nywele zilikuwa urefu gani. Kwa mtu mwenye macho mabovu, amebarikiwa kumbukumbu.

Na wajukuu zake amewatoa madrasa ya Zuhura. Wazazi wengine wawili watatu wameanza kufuata.

Mwanamke aliyecheza na mdogo wake ndani ya nyumba yao, mlango umefungwa, ndiye anayepoteza wanafunzi. Mzee aliyesema irudishwe ahakikishe ndiye anayewapa watu mawaidha. Master anaendelea kupata kazi. Na mimi nimepata sifa.

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi. Kamera yenye picha za ndani haitoki ndani, hata ukishika mkanda, hata ukichagua mikono. Ukikwama, piga ukuta, mwoneshe mtu ukuta. Au mtajie namba kwa mdomo, namba hazina nywele. Hayo ya kamera ni mepesi.

Gumu ni kwamba siku ile picha hazikuwa na tatizo kubwa kiasi cha kunitoa nje. Bibi harusi zile za bluu kaziweka zote, hata hajaona bluu. Nilitoka kwa sababu nilitaka Master aseme nimepatia. Akasema. Bei ya neno lile ameilipa Zuhura.

Nimempigia simu shangazi kuomba nije kumtaka radhi Zuhura. Akanijibu, "Kwa Zuhura kuna nini? Yeye hajaharibu kitu. Kilichoharibika kiko kwa yule mzee. Anzia huko, mbele ya hao anaokunywa nao kahawa, useme ulichofanya wewe na alichosema yeye. Usipokwenda huko, kwetu usikanyage."

Mama yangu hataki. Anasema binti hamwendei mzee wa watu kijiweni kumwambia amekosa, nitaonekana sikulelewa.

Nimeamua nakwenda. Sitaki mnishauri kwenda au kutokwenda.

Nataka wale mliowahi kusimama mbele ya mtu mzima mkamwambia ukweli mniambie mlifanyaje. Na akina dada mnaopiga picha za ndani, mnisahihishe nilipokosea kuandika. Hata matusi leteni, nitayasoma yote.

Maana nikifika pale lazima nianze na shikamoo, na yeye lazima aitikie marahaba. Baada ya hapo sijui linafuata neno gani.