Nguzo Niliyoinamia Japani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kutwa nzima nilishinda nimebana pumzi. Haikuwa hapa Mombasa. Ilikuwa Japani, kwenye mlima ambao watu wa huko wanauheshimu kuwa mtakatifu tangu enzi za mababu zao, umejaa mahekalu ya Kibudha na nyumba za ibada za Shinto, ile dini yao ya asili. Na mimi, binti wa mtaa wa Kuze, niliyekulia nyumba iliyopakana ukuta na msikiti, nilikuwa nazipanda ngazi za mawe kuelekea huko.

Usinitazame hivyo. Sikwenda kuabudu. Ujana wangu nilifanya kazi katika ofisi ndogo iliyoshughulikia kutengeneza nyumba za kale za Mji wa Kale, zile za boriti na roshani za mbao, nikapelekwa Japani pamoja na mwenzangu wa ofisini tukajifunze namna wanavyotunza majengo yao ya mbao yasioze. Mwenzangu alikuwa Mwende, Mkamba, Mkristo wa kushika dini, mwimbaji wa kwaya, amepanga chumba karibu na Mwembe Tayari. Tulielewana, lakini kwa salamu na chai ya saa nne tu. Kwao sikuwa nimefika, wala yeye kwetu.

Baba aliniruhusu kwa shida. Ami yangu Salim, kaka mkubwa wa baba, alipinga mbele ya watu. "Msichana hajaolewa, unampeleka nchi ya masanamu!" Usiku wa kuamkia safari ndipo aliponiambia faraghani, "Ukirudi kama ulivyokwenda, mdogo wako naye atapata kusoma mbali. Ukiniaibisha, sitakuwa na uso wa kumtetea." Mdogo wangu Maryam alikuwa na kichwa cha hesabu kutuzidi sote. Basi nilisafiri na mzigo huo moyoni, na mtu mwenye mzigo kama huo, mwanangu, hatazami kitu kwa jicho jepesi.

Mwenyeji wetu aliitwa Bwana Morita, mtu mzima, mpole, mwenye Kiingereza cha kukatakata. Hata yeye nilimshuku tangu asubuhi ile. Tulikuwa tumeambiwa tunakwenda kutazama mbao, naye tuliposhuka basini chini ya mlima akasema, "Kwanza tusalimie mlima." Nilimtazama Mwende, Mwende akanitazama. Mlima husalimiwa vipi?

Tulipita chini ya lango kubwa lisilo na mlango, nguzo mbili na boriti juu yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya miti. Kando ya njia palikuwa na mawe yaliyochongwa sura za watoto, kila jiwe limefungwa kitambaa chekundu shingoni. Nani huvisha mawe nguo? Nikaanza uradi wangu wa kumtaja Mungu, kimoyomoyo. Mbele kidogo palikuwa na birika la mawe lenye maji ya mlimani, na watu wananawa mikono kwa kata na kusukutua kabla ya kuingia. Mlangoni, viatu vinavuliwa. Ndani, moshi wa ubani.

Nataka unielewe hapa. Laiti ningekuta mambo yasiyofanana na kwetu hata chembe, ningeyatazama kama mtu anayetazama tembo mbugani. Kilichonitisha ni yale yaliyofanana. Maji, viatu, harufu ile ile ya chetezo cha nyanya yangu. Niliona kama kuna mtu amekaa akapanga kunilainisha polepole, mpaka nitakapofanya jambo bila ya kujijua. Bwana Morita alinipa kata. "Ni maji tu," alisema. Nikatikisa kichwa. Hakukasirika, akanawa yeye, na kule kutokasirika kwake nako nikakutilia shaka.

Mwende ndiye aliyenishinda kwa hadhari. Alitia mikono mifukoni mwa koti akaiacha humo mlima mzima, hata alipoteleza kwenye ngazi. Nilijua sababu. Hakutaka mtu aseme alimwona amekutanisha viganja. Nilijua pia kwamba ananichunga, kama mimi nilivyokuwa nikimchunga. Kila mmoja alihofia mwenzake ndiye atakayepeleka habari nyumbani.

Katika hekalu la mwisho Bwana Morita alituita kwenye nguzo nene karibu na madhabahu. Ilikuwa imeoza chini, mafundi wakakata kile kipande kibovu, wakaunga mti mpya kwa mti wa zamani bila msumari hata mmoja. Kiungo kilikuwa chini kabisa, kwenye sakafu. Hapo nikasahau hofu yangu yote. Nikainama, nikapitisha kidole, nikatafuta ufa nisiuone. Nikawaza boriti za nyumba yetu ukumbini. Mtawa mmoja alikuwa amesimama karibu, na mtu wa ofisi ya Bwana Morita akapiga picha.

Tukarudi Mombasa. Kwa muda mambo yalikuwa sawa, kisha yakaanza kugeuka bila ya mtu kuniambia neno. Ramadhani ilipoingia nilimpeleka Maryam kwa jirani yetu Bi Khadija na sahani ya kaimati za kufuturu, kama tulivyofanya miaka yote. Sahani ikarudi na kaimati zake. "Mwambie dada yako ahsante, watoto wameshiba," alisema, na magharibi haijaingia. Arusini, nikikaa kwenye mkeka, mazungumzo yanakatika. Maryam akarudi kutoka chuo cha Kurani analia: wenzake wamemuuliza dini mpya ya dada yake inaitwaje.

Nikajiuliza, nani alikuwa nami kule? Mmoja tu. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nikaacha kunywa chai na Mwende. Akinisalimu, namwitikia kwa midomo. Yeye naye akawa ananitazama kando kando, nami nikasema moyoni, naam, huyo ndiye, hawezi kunitazama usoni.

Alasiri moja Ami Salim akaja nyumbani. Kabla hajaketi vizuri alitoa picha akaiweka mkekani mbele ya baba. Ilikuwa mimi, buibui langu, kichwa nimekiinamisha, mishumaa ya madhabahu nyuma yangu na mtawa mwenye kipara ubavuni. Ilikuwa imetumwa na Bwana Morita iwe ukumbusho, ikaletwa kwenye duka la baba la viungo, sokoni Marikiti. Baba siku hiyo alikuwa ametoka, ami ndiye aliyepokea na kufungua.

"Nimekaa nayo nikitafuta rai za watu wazima," alisema. Maana yake alikuwa ameizungusha mtaa mzima.

Baba aliiokota picha akaitazama. Kisha akauliza, "Kaka, huyu mtoto ulimuuliza?"

"Nimuulize nini, na picha hii hapa?"

"Nauliza, ulimuuliza?"

Ami akarekebisha kofia yake. Baba akanigeukia mimi. "Ulikuwa ukifanya nini hapo?"

Nikamweleza nguzo, uozo, kiungo. Hasira ikanipanda, nikaropoka, "Na mimi siku zote nadhani ni Mwende aliyenitangaza!"

Nilitaraji anihurumie. Akaniuliza kwa sauti ile ile aliyomuulizia kaka yake, "Na huyo Mwende, ulimuuliza?"

Mwanangu, baba yangu hakuwahi kunipiga. Lakini siku ile heri angenipiga.

Asubuhi yake nilimfuata Mwende mezani kwake. Nilipomweleza, alicheka cheko la mtu aliyechoka. "Kanisani kwetu wameniuliza kama niliabudu miungu ya watu," alisema. "Nikasema moyoni ni wewe uliyewaambia. Kumbe nilisimulia mwenyewe kwenye kwaya habari za safari, wakajaziliza." Jumamosi ile alikuja Kuze kwa mara ya kwanza, amejitanda leso, akakaa mbele ya ami yangu akaeleza alichokiona: kwamba sikugusa hata maji.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, binti," alisema. "Lakini mlikwenda pamoja. Utasema nini kingine?"

Na hivyo ndivyo alivyobaki, Mungu amrehemu. Mpaka kufa kwake, nikiswali nyumbani kwake, nilikuwa nahisi macho yake mgongoni yakinihesabia rakaa. Bi Khadija alirudi kupokea sahani zangu, ila wengine hawakurudi. Baba hakungoja mtaa uridhike. Mwaka uliofuata alimpandisha Maryam ndege akasome, na alipoulizwa barazani hakutaka ushauri wa mtu.

Sasa nakuusia, binti yangu, maana mizigo yako imeshafungwa. Ukienda kwenye nchi ya watu na nyumba za ibada zao, vua viatu wanapovua, nyamaza wanaponyamaza, na lile ambalo dini yako haikuruhusu, likatae kwa adabu bila ya kumdhania aliyekukaribisha kuwa ana hila. Tazama kilichokupeleka. Usione haya kustaajabia kazi nzuri ya mikono ya mtu kwa sababu mtu huyo haswali kama wewe. Na shaka ikikuingia, kwani itakuingia, mwendee mwenyewe umuulize, kabla hujamuuliza mtu mwingine yeyote. Uulize ukiwa tayari kupokea jibu, maana ami yangu alisikia jibu na hakulipokea. Wapo watakaokudhania hata baada ya kueleza. Hao waachie dhana yao, uendelee kuwaamkia.

Nenda, mama. Mola akulinde njiani, akupe macho ya kuona na moyo usioharakisha hukumu, akukutanishe na wenye kukuuliza kabla ya kukusema, na akurudishe kwetu ukiwa na mengi ya kutusimulia. Amina.