Mama na Saa ya Kin

Mama yangu hakuwahi kuipenda saa ya Kinshasa. Kongo ni pana kiasi kwamba saa moja haikututosha: Kinshasa, huko magharibi, wakiwa saa sita mchana, sisi wa Lubumbashi tumeshaingia saa saba. Redio ilitangaza saa za pande zote mbili, na nilipokuwa mdogo mama alikuwa akikohoa kwa makusudi ikifika ile ya Kinshasa, ili tusiisikie.

"Shiye njo tunaanza kutumia jua," alisema. "Bo banapata jua ya occasion." Yaani sisi tunalipata jipya, wao wanalipata la mtumba.

Nilipohamia Brussels nikamletea taabu nyingine. Huku saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Miezi ya joto, saa yangu na yake ni ile ile, na mama alikuwa akiringa mbele ya majirani kwamba hata Wazungu wamekuja kwenye saa ya Lubumbashi. Mwisho wa Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na Brussels inaingia kwenye saa ya Kinshasa. Basi Jumapili hiyo hiyo simu yangu ilikuwa inalia, na bila hata salamu nasikia: "Alors, ulivuka mer yote ile, kumbe ulienda tu Kin?" Yaani nimevuka bahari nzima, kumbe nimefika Kinshasa tu. Tunacheka mpaka basi. Nilizoea hivyo. Sikuhitaji kalenda, nilikuwa na mama.

Mwaka mmoja, Jumapili ya namna hiyo, simu haikulia. Mama alikuwa amelazwa hospitali, ana uvimbe tumboni, na kesho yake alikuwa anapasuliwa. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa kaka yangu, ambaye siku mbili kabla aliniandikia maneno machache tu: "Maman anaingia ku bloc lundi, huit heures. Appelle sept heures et demie." Bloc ni chumba cha upasuaji. Aingie Jumatatu saa mbili asubuhi, mimi nipige saa moja na nusu.

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Baba naye alipasuliwa nikiwa huku Ulaya. Siku ile nilijiambia nitampigia akishatoka, apumzike kwanza. Hakutoka. Kwa hiyo niliapa kwamba mama hataingia mahali pale bila kusikia sauti yangu, wala mimi yake.

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Auderghem, Brussels hii hii, na Jumapili ile kazi ya kurudisha saa za vyumbani ilikuwa yangu. Nilipita chumba kwa chumba nikipanda kiti na kushuka, nikaambiwa asante na mzee mmoja, nikafukuzwa na mwingine. Bibi mmoja aliyekuwa mwalimu aliniuliza hiyo saa nzima mnayonipa niifanyie nini. Nikamwambia ailale. Nilirudisha saa za ukutani zote, na ya jikoni, na ya mapokezi. Ile ya kichwani mwangu ikabaki Lubumbashi.

Jumatatu asubuhi nilipanda metro Anderlecht ninakoishi, ile ya namba tano, nikakaa karibu njia nzima nikiomba kimoyomoyo. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilikuwa hata najisifu, maana nilishamwomba msimamizi wangu dakika kumi. Ilipofika saa moja na nusu kamili, nikaingia stoo ya mashuka, nikakaa juu ya furushi, nikapiga.

"Njo unapiga sasa?" kaka akafoka. "Huku ni huit heures et demie!"

Niliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa sahihi, niliirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaelewa: saa moja na nusu yangu sasa ilikuwa saa mbili na nusu kwao, na mama alipaswa kuwa ameshaingia. Nilitaka kusema nisamehe, sikujua namwambia nani.

"Attends, ngoja," kaka akasema.

Kisha: "Allô? Ni wewe?"

Sauti ya mama. Imekauka kwa kutokunywa hata maji, lakini ukali wake wote upo. Nililia kama mtoto. Akaniuliza nalia nini na yeye yuko hapo. Halafu yeye, aliyekuwa anakwenda kupasuliwa, akaniombea mimi: kazi yangu, wazee wangu, na miguu yangu inayosimama kutwa nzima. Tukasema amina. "Bon," akasema, "sasa baniite," na simu ikakatika.

Alitoka salama. Namshukuru Mungu mpaka leo ninapoandika haya.

Habari kamili niliipata baadaye kwa kaka. Yeye pia alikuwa amesahau mambo ya kubadilisha saa, na ilipofika saa mbili sijapiga akaanza kunisema vibaya. Mama akahesabu kwa vidole, akamwambia daktari haingii kabla sijapiga. Daktari angeweza kukasirika, na angekuwa na haki. Lakini kulikuwa na mzee mmoja mgonjwa wa ngiri, aliyepangwa kupasuliwa baada ya mama. Akasema kutoka kitandani kwake kwamba atatangulia yeye, maman angoje mutoto wake. Wakamsukuma ndani. Mtu huyo simjui na hanijui. Alijipangia hofu yake kwa muda fulani, akakubali kuionja mapema kwa ajili yangu. Kila nikirudisha saa za wazee mwezi wa kumi namtaja katika sala, na kwa kuwa sijui jina lake namwita papa wa ngiri, yaani baba wa ngiri. Naamini Mungu anamjua.

Mama nilimuuliza mwenyewe, alipopata nguvu ya kugombana, alimwambia nini daktari.

"Alinionyesha saa ya mukono," akasema. "Eti maman, huit heures ilipita. Nikamwambia: ya hapa njo ilipita, docteur. Ya Kin haikufika bado, na mutoto wangu iko mu ya Kin."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akiitaja saa ile bila kukohoa.