Moshi wa Idara ya Jiografia

Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari kata ya Mtunda, na kwa miaka minne niliamini kwamba hapo hakuna anayeujua upepo kunizidi. Nilikuwa na tufe, ramani ya ukutani na shahada. Kila mwaka niliwachorea kidato cha kwanza pepo za biashara: zinaanzia karibu na nyuzi thelathini, zinavuma bila kuchoka kuelekea ikweta, na huku kwetu zinapinda kushoto, kwa hiyo zinatufikia kutoka kusini mashariki. Wenyeji wanaziita kusi, basi. Niliona jina hilo fupi mno kwa jambo zito kama lile.

Shule ilipopata mabati na saruji ya kujenga jiko, mkuu wa shule aliunda kamati, akanipa kazi ya kuchagua mahali, "kitaalamu". Nikaandika kwenye mchoro "upepo wa kusini mashariki", kisha nikachora mshale unaoelekea kusini mashariki, na jiko nikaliweka huko kwenye ncha ya mshale, ili moshi uende zake mashambani. Upepo huitwa kwa unakotoka, si kwa unakokwenda. Hilo nalo nililifundisha kila mwaka. Kamati nzima ilisaini.

Siku ya kuchimba msingi alikuja mpishi wetu, mama wa makamo aliyehamia kutoka vilima vya Umatumbi.

"Mwalimu, hapa mtatufukiza," alisema, akinyoosha mwiko kuelekea mikorosho iliyokuwa nyuma yangu. "Kusi inatoka kule. Jiko lipelekeni magharibi, hata kaskazi ikija halitadhuru."

"Mama, tumeshapima."

"Mmepima kwa nini?"

"Kwa ramani."

Alinitazama kama anavyotazama maharage yaliyobunguliwa. "Haya, baba."

Jiko lilifunguliwa mwezi wa pili. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, ilikuwa bado inavuma, moshi ukapita pembeni, nami nikapewa mikono ya pongezi. Mwezi wa tano kusi ikaingia.

Moshi uliingia ofisi ya walimu asubuhi na kutoka makande yakiiva. Majivu yalitua kwenye madaftari. Mzazi mmoja alimkuta mkuu anafuta machozi, akampa mkono wa pole na kuuliza maziko ni saa ngapi. Mkuu akaitisha kikao. Tuliazimia madirisha yafungwe. Tukaazimia mpishi aelekezwe kupika kwa moshi mdogo. Tukaazimia kuandika barua wilayani. Mimi nilisema huo ni upepo wa muda. Niliyekuwa nimefundisha kwamba hauchoki!

Mpishi hakuitwa kwenye kikao. Likizo ya mwezi wa sita aliwachukua wanawe wawili wakubwa, wakahamisha mafiga, wakasimamisha kibanda cha makuti upande wa magharibi. Tuliporudi, ofisi ilikuwa na hewa safi. Nilikaa kitini nikaona aibu, kisha nikaenda kibandani.

"Mama, ulisema kweli. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sogea, unanizibia mwanga."

Ripoti ya mkuu ilisema tatizo la moshi limetatuliwa "kwa jitihada za Idara ya Jiografia". Idara ilikuwa mimi. Nikaitwa mjini Kibiti, nitoe mada kwa walimu wenzangu kuhusu kupanga majengo kwa kufuata upepo. Mmoja aliuliza niligunduaje.

"Sikugundua," nikajibu. "Mimi ndiye niliyekosea. Mpishi alinionya, nikambishia, akalihamisha jiko mwenyewe."

Ukumbi mzima ulicheka, kisha wakanipigia makofi kwa unyenyekevu wangu. Mwenyekiti akasema wasomi wa aina yangu wamebaki wachache.

Kesho yake nilimsimulia mpishi yote, pamoja na makofi. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Na chakula walipika nini?"

"Wali wa nazi, kwa samaki."

"Walikufungia wa kuondoka nao?"

"Hapana."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?" akasema, akaendelea kuchambua.