Mkaguzi Anayeishia Getini

"Mama, ukimwambia mume wangu aache kazi, mimi na wewe basi," akasema kitindamimba wangu, huku akizipanga sahani mezani kana kwamba zimemkosea.

Nikamwambia sijasema aache kazi. Nimesema atoke benki, hata akauze magodoro, ili dada mtu aweze kuingia humu ndani, akae, ale kama watu.

"Nani kamkataza dada kuingia?"

Hapo alinipata. Hakuna aliyemkataza. Kifunguamimba wangu ni mkuu wa wakaguzi wa mabenki, na sheria ya kazi yao inasema usikague benki anakofanya kazi ndugu yako. Basi. Benki ya mkwe wangu inakaguliwa na wengine. Lakini mwanangu akaiongezea sheria kipande chake: nyumba ya meneja wa benki haingii, hata kama mama yake ndimo anamoishi. Akija anasimamisha gari getini, mimi natoka na kigoda changu, naketi chini ya dirisha, tunaongea kama abiria na mkata tiketi.

Hakuanza leo. Alipoajiriwa, msichana mwembamba wa viatu vya kuazima, alipelekwa benki moja akaletewa soda. Akaisukuma pembeni, akatoa mkobani chupa ya maji niliyomchemshia mwenyewe. Meneja akaiogopa ile chupa kuliko polisi. Siku hizi, nawaapia, akikanyaga ngazi za benki viyoyozi vinajizima kwa adabu, na wakubwa wenye shingo nene wanakumbuka ghafla kuwa wana miadi kwa daktari wa meno. Wanamwita Darubini. Aliwahi kuifunga benki iliyokuwa inatafuna akiba za watu, nami nikajivuna mpaka shingo ikaniuma.

Lakini sifa hazikai na mtu sebuleni. Niliwahi kuhamia kwake. Kila mara yuko ukaguzini, mji mwingine, na hasemi ni upi maana hata hiyo ni siri ya kazi. Nikabaki naishi na jokofu. Likiguna, namjibu.

"Anakaribia kustaafu," kitindamimba akasema, hasira imepungua. "Vumilia kidogo."

Nikamuuliza nani kamhakikishia kwamba mimi sitamtangulia kustaafu. Nataka nimwone mwanangu amevua viatu. Nataka nimsikie akikoroma kwenye kochi hili, kitabu usoni, kama alivyokuwa akilala usichanani mwake. Kwenye dirisha la gari naona uso na mabega tu. Kama bado ana miguu, nasikia kwa watu.

Akakaa, sahani ya mwisho mapajani. Akaniambia kwamba yeye pia ana hamu naye. Akimwona kwenye taarifa ya habari, huwa anajikuta ameigusa runinga.

"Basi zungumza na mume wangu," akasema polepole. "Ila usimwambie aache. Muulize tu kama..."

Mlango ukafunguliwa. Mkwe wangu akaingia, tai begani, kitambulisho cha benki kikining'inia kifuani.

"Shikamoo, mama," akasema, akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona mmenyamaza?"