Dalali Aliyetaka Kuuzwa Akiwa Ameketi

Katika soko la mifugo la Garissa, ngamia mwenye kasoro ya mguu huuzwa akiwa ameketi. Dalali humkalisha mapema, humwekea majani mbele, kisha huanza kusifu meno. Mnunuzi akisema, "Hebu asimame," dalali hushangaa: mnyama ndiyo kwanza amekula, mbona usumbufu? Bishar alikuwa bingwa wa mshangao huo. Aliwahi kusifu meno ya ngamia mmoja mpaka mnunuzi akalipa bila kukumbuka kwamba ngamia hatembelei meno.

Miaka kadhaa baada ya mkewe kufariki, Bishar alimtuma dada yake, Jawahir, akamposee Fowsiya, muuza maziwa ya ngamia. Fowsiya alikuwa ameshazika waume wawili.

"Wa tatu siziki," Fowsiya alijibu. "Na huyo kakako, tumbo lake hufika kwangu kwanza, yeye baadaye. Mwambie nitakuja kwako Idi ya kuchinja nimwone. Nikimkuta vilevile, tusisumbuane."

Kwa hiyo Bishar akaanza kukimbia.

Mjini hapa mtu mzima hakimbii. Akikimbia, ama amefiwa, ama ameibiwa, ama ameiba. Asubuhi ya kwanza, baada ya swala ya alfajiri, alishika barabara ya darajani, kikoi amekikunja hadi magotini, miguuni raba za mitumba. Bodaboda ikasimama ubavuni mwake.

"Adeer, mzee wangu, wezi wamepita wapi? Panda tuwafuate!"

Mbele kidogo mzee mmoja akainua mikono, akamwombea marehemu. Korongo wa jalalani, wale wakubwa wenye vipara, walisimama kwa mguu mmoja wakimtazama. Kati ya wote waliokuwa barabarani, ni wao tu waliokuwa wakipumzisha viungo ipasavyo.

Alikimbia hadi darajani na kurudi, kila siku, bila kuruka hata moja, kwa sababu kijana fulani kwenye video ya simu alisema maumivu ni uvivu unaotoka mwilini. Uvivu wa Bishar ulianza kutokea kisiginoni.

Akaenda kwa mzee Ogle, ambaye hutibu maumivu kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Ogle alichoma pale panapouma. Ngozi iliuma kiasi kwamba kisigino kikasahaulika, na Bishar akahesabu kusahau huko kuwa ni kupona. Kesho yake alikuwa barabarani. Kisigino kilirudi, safari hii kimekuja na mwenzake, muundi. Ogle akachoma muundi. Likafuata goti.

"Adeer, mbona maradhi yanahama?"

"Yananiogopa," alisema Ogle, akipuliza makaa.

Goti lilipovimba hata baada ya kuchomwa, Bishar alikwenda hospitali, kwa mtaalamu wa viungo, binti aliyetoka Machakos.

"Daktari, goti hii inabona, halafu inarudi tena," alisema Bishar kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Halijapona, mzee. Wewe umeanza juzi na unaukamua mwili kila siku, haupati nafasi ya kujijenga. Pumzika wiki kadhaa, kisha uanze kwa kutembea, pole pole."

Bishar alipumzika kama alivyoambiwa: kila siku, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Alfajiri alikuwa darajani.

Idi ilipofika, tumbo lilikuwa limekwisha. Miguu nayo ilikuwa imekwisha. Bishar aliwahi kwa Jawahir kabla ya wageni, akaketi mkekani, akaegemea mto. Jawahir akamwekea sahani ya sambusa mbele.

Fowsiya aliingia na kaka yake, Diriye. Bishar hakuinuka. Alitabasamu kwa meno yote.

"Umekonda, mashallah," Fowsiya alisema.

"Alhamdulillahi. Mzima kabisa."

Fowsiya aliitazama sahani ya sambusa. Akayatazama meno. Baba yake alikuwa mfugaji wa ngamia kule Bute, na yeye amekulia sokoni.

"Simama."

"Ndiyo kwanza nimekula," Bishar alishangaa.

"Simama, utembee hadi mlangoni urudi."

Bishar alisimama. Alitembea kama mtu anayevuka makaa akijaribu kuonekana ana mambo mengine kichwani. Kikoi kikapanda, makovu yakaonekana.

"Subhanallah," alisema Diriye. "Ana chapa za moto za koo tatu za wafugaji. Kama ngamia aliyeibwa mara tatu."

"Waryaa, funga mdomo," Jawahir akamkemea.

Fowsiya hakucheka. "Unaumwa?"

"Hamna kitu."

Fowsiya akachukua mkoba wake. "Mume wa kwanza alishika kifua akipakia lori la Dadaab. Nikamuuliza. Hamna kitu. Wa pili alikojoa damu mwezi mzima. Hamna kitu. Haya, Idi njema."

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja mlangoni Bishar aliposema, "Kisigino."

"Na nini?"

"Na muundi. Na goti, hilo ndilo baya zaidi. Ngazi nashuka kinyumenyume. Daktari alisema nipumzike, sikupumzika."

Tangu aanze kazi ya udalali hakuwahi kumtajia mnunuzi kasoro hata moja. Leo alizitaja zote, tena mbele ya mashahidi.

"Basi mahari ipande," alisema Diriye.

Fowsiya alivua kile kiatu, akarudi kuketi, akaivuta sahani upande wake. "Hukimbii tena mpaka daktari aseme. Na pakiuma popote, naambiwa siku hiyohiyo."

Walioana baada ya mvua. Goti lilichukua muda, kisha likanyamaza, safari hii bila msumari. Siku hizi Bishar hutembea tu: asubuhi humsindikiza mkewe sokoni, amebeba dumu la maziwa, kila siku kwa mkono uleule. Juzi bega lilianza kuuma. Alikaza meno mpaka kona ya msikiti, akasimama, akakohoa.

"Fowsiya."

"Wapi?"

"Bega."

"Weka chini."

Akaweka chini.