Kondoo Hazinduliwi

Sokoni kwa mifugo, Kitengela, walimwita Daktari wa Mavi, naye aliitika. Nzilani hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha miaka miwili cha afya ya mifugo, buti za mpira, na mazoea ya kutembea nyuma ya kondoo akiwa na vifuko vya plastiki. Kinyesi alichokusanya alikipeleka kwenye kituo cha utafiti kilicho kando ya barabara ya Namanga, akakikoroga kwenye maji ya chumvi, kisha akakaa kwenye hadubini na kuhesabu mayai ya minyoo. Wachuuzi wa mbuzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kufanya alichoweza yeye: kumshika kondoo kidevu, kuvuta kope ya chini kwa kidole gumba, na kusema papo hapo kama mnyama huyo ataiona Krismasi. Jicho likiwa jekundu, damu ipo. Likiwa jeupe kama karatasi, minyoo imeshainywa.

Kazi hiyo alifundishwa na Daktari Mbugua, mkuu wa mradi wa kondoo pale kituoni, daktari wa kweli huyo, mwenye shahada zake ukutani. Siku zile Mbugua alikuwa mtu wa kukesha zizini na majike wanaozaa, akitoka asubuhi na nyasi kichwani. Alikuwa na swali moja tu maishani. Kwa nini kondoo mwekundu wa Wamaasai, yule mdogo mwenye mkia wa mafuta ambaye wachuuzi humdharau kwenye mizani, huishi na minyoo ile ile inayomuua dopa, kondoo mweupe wa kisasa mwenye nyama nyingi? Kama siri iko kwenye damu, basi madume bora yangeweza kuchaguliwa, kizazi baada ya kizazi, hadi mfugaji aache kununua dawa kila mvua ikinyesha. Lilikuwa swali zuri, na Nzilani alilipenda kana kwamba ni lake.

Tatizo ni kwamba kondoo wekundu halisi walikuwa karibu kwisha. Karibu kila boma lilikuwa limechanganya na dopa kwa tamaa ya kilo. Aliyekataa kuchanganya alikuwa Leshan, mwanamume wa miaka hamsini hivi anayeishi nyuma ya Isinya, ambaye kondoo wake walitokana na wale wa mama yake, na wa mama yake walitokana na wa bibi. Nzilani alimwendea mara tatu. Mara mbili alipewa chai na kurudishwa njia aliyojia. Mara ya tatu Leshan aliingia zizini, akatoa majike manne na dume moja, na yule jike mdogo kabisa akamwekea Nzilani mikononi yeye mwenyewe.

Kwa Wamaasai mtu akimpa mwenzake kondoo, wawili hao huacha kuitana majina yao. Huitana Paker, jina linalotoka kwa kondoo mwenyewe, na undugu huo si wa kuchezewa. Tangu siku hiyo Leshan hakumwita Nzilani jina lingine, si kwenye simu, si barabarani, wala mbele ya wake zake. Naye Nzilani, Mkamba wa Machakos aliyepanga chumba kimoja nyuma ya stendi ya Kitengela, alitembea na jina hilo kifua mbele. Kitengela watu hujuana kwa nambari za nyumba na deni la maji. Kupata ndugu pale ni bahati.

Maboma mengine kumi na matatu, yaliyokuwa yamebakiza wekundu wachache, yalitoa kondoo kwa sababu Leshan alikuwa ametoa. Mbugua alisimama mbele yao wote akaahidi: kituo kitawatunza na kuwazalisha, na mvua ya Aprili ya mwaka wa nane kila boma litarudishiwa majike yake pamoja na dume moja teule. Waliokuwepo waliitikia. Kisha likaja suala la fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, mnyama amenunuliwa au ametolewa bure. Hakikuwepo cha mnyama aliyekabidhiwa mtu kwa kuaminiana. Nzilani aliuliza atie alama wapi, Mbugua akamwambia atie hapo pa bure, ni makaratasi tu ya wakaguzi. Akatia, mara kumi na nne, kwa kalamu ya buluu.

Kiangazi kile kirefu kilipokuja, Leshan alipoteza kila kondoo aliyebaki naye. Nzilani alikwenda kumpa pole, na Leshan akamwambia neno alilolibeba tangu hapo kama mtu abebaye yai.

"Mimi sina wasiwasi, Paker. Mbegu yangu iko kwako."

Basi alichokuwa akikitunza kituoni hakikuwa utafiti peke yake. Ilikuwa nyumba nzima ya mtu.

Kisha uchumi ukaporomoka, na hakuna haja ya kusimuliana ulivyoporomoka. Kila mmoja wetu alikuwepo dukani bei zikibandikwa upya. Kituoni zilianza kukosekana glavu. Nzilani akawa anazifua na kuzianika kwenye waya kama soksi. Zikafuata dawa za maabara, likafuata gari. Alipima kondoo kila Alhamisi hata hivyo, maana minyoo haijui habari za bajeti. Na mwaka huo wana-kondoo wa kizazi cha tano walitoa kinyesi ambacho alikihesabu mara tatu kwa kutoamini. Mayai yalikuwa machache ajabu. Dume mmoja, nambari mia mbili na kumi na mbili, alikuwa karibu safi. Jibu la swali la Mbugua lilikuwa limesimama zizini likicheua.

Alimpelekea Mbugua daftari mbio. Mbugua alilitazama, akasema vizuri, na akarudi kwenye kompyuta yake. Nyasi za kichwani zilikuwa zimekwisha siku nyingi.

Maana ilikuwa imeingia sera mpya. Ilisomwa kwenye mkutano katika hoteli moja ya Kitengela, yenye maji ya chupa na bendera za karatasi. Wakubwa kutoka Nairobi walieleza kwamba nyakati ni ngumu, kwamba taifa haliwezi kulipia udadisi, na kwamba kuanzia sasa fedha zitakwenda kwenye ubunifu ulio tayari kwa soko. Neno ubunifu lilitajwa mara nyingi kuliko jina la Mungu kanisani. Halafu Mbugua akapanda jukwaani na simu mkononi. Alikuwa ametengeneza programu: mfugaji anampiga kondoo picha ya jicho, simu inamwambia kama mnyama ana upungufu wa damu. Simu ilikuwa imefundishwa rangi hizo kwa maelfu ya picha, na picha zote zilipigwa na Nzilani, Alhamisi baada ya Alhamisi. Aliitwa asimame. Walimpigia makofi. Kilemba cha ukoka hicho, lakini siku hiyo alikivaa na kikamkaa, na nisimlaumu, kwani nani aliwahi kupigiwa makofi kwa kazi ya kinyesi?

Wakati wa chai alimvuta Mbugua kando, akamuuliza kuhusu kondoo, maana Aprili ilikuwa inakaribia.

"Hao hawana shida," Mbugua alisema, huku akimtafutia sambusa. "Watarudi kwao. Wewe kwanza nenda Illasit, ukafundishe wakulima kutumia simu. Wiki mbili tu."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Nzilani akang'aa. Akaenda Illasit. Alikuwa siku ya tisa huko, akimwonyesha mama mmoja namna ya kushika simu isitikisike, Barre alipopiga. Barre ni mfanyabiashara wa mifugo sokoni Kitengela, mtu wa Garissa kwa asili, hodari wa utani; yeye ndiye aliyelianzisha lile jina la Daktari wa Mavi. Siku hiyo hakutania.

"Mama, hizi kondoo nyekundu ziko na hereni za kituo, ni wewe umeuza?"

Nzilani alisema hajauza kitu.

"Basi kuna mtu ameuza. Zilikuja jana, lori mbili. Mimi nimechukua moja tu, wengine wamechukua hizo zingine zote. Walahi, kuja haraka."

Alifika siku hiyo hiyo jua likiwa bado juu, na haraka yake haikumfaa kitu. Lori moja lilikuwa limeshakwenda machinjioni alfajiri. La pili wenye hoteli walikuwa wamegawana. Nambari mia mbili na kumi na mbili alikuwa wa kwanza kununuliwa, kwa sababu alikuwa amenona. Kuna watu Kitengela walikula miaka saba ya utafiti kwa kachumbari, na mpaka leo hawajui.

Aliyebaki alikuwa mmoja, jike mzee aliyefungwa kwenye nguzo nyuma ya kibanda cha Barre. Mchinjaji alimfungua mdomo, akaona meno yamekwisha, akamkataa. Nzilani hakuhitaji kusoma hereni. Ni yule jike aliyewekwa mikononi mwake na Leshan.

Alikwenda kituoni na buti zake zenye vumbi la Illasit, akamkuta Mbugua ofisini. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu kwa nini, na kwa nini alimwondoa kwanza. Mbugua alikuwa na aibu, hilo tumpe. Alifunga mlango. Alisema kama asingekubali kondoo wauzwe, mradi mzima ungefungwa na wafanyakazi wote kumi wangekuwa nyumbani, Nzilani akiwa wa kwanza. Alisema kundi lile lilihitaji chakula na fedha za chakula hazikuwepo.

"Pesa siku hizi inafuata kitu ambacho mkubwa anaweza kukishika mkononi akipigwa picha," alisema. "Simu inazinduliwa. Kondoo hazinduliwi."

"Uliwaahidi watu. Nilikuwa hapo nikisikia."

Mbugua alivuta rejista, akaifungua, akaigeuza imwelekee. Ukurasa wa kwanza, jina la Leshan, majike manne, dume moja, na alama ya buluu.

"Imeandikwa walitolewa bure. Huu mwandiko ni wa nani?"

Nzilani aliitazama ile alama. Aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona hata alipozika wazazi wake, kwa sababu mauti hayakuwa yamemfundisha kazi, wala hayakuwahi kumwita "mwenzangu" kwenye zizi saa ya kuzalisha. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na husema upesi. Hawasemi kwamba nguo hiyo unakuwa umeizoea.

Barre alijitolea kumpeleka kwa Leshan na pikapu yake, jike mzee akiwa nyuma kwenye majani. Njiani alimshauri kwa huruma. Mwambie ni ugonjwa, alisema. Kondoo hufa, kila mtu anajua kondoo hufa, na wewe utabaki na rafiki yako. Nzilani aliufikiria uongo huo kutoka Kitengela hadi Isinya. Ulikuwa uongo mzuri, na yeye ndiye mtu pekee Kajiado nzima ambaye angeusema akaaminiwa.

Walimkuta Leshan akimalizia zizi. Lilikuwa jipya, miiba yake bado ina majani mabichi. Alikuwa amelijenga kubwa.

"Takwenya, Paker," alimsalimu, kwa sauti ya mwenyeji anayengoja wageni wengi.

"Iko, Paker," aliitikia Nzilani kwa Kimaasai.

Leshan aliwasaidia kumshusha jike. Kisha akatazama barabarani nyuma ya pikapu, akauliza kama wengine wanakuja na lori. Hapo ndipo Nzilani alipomwambia yote, amesimama, bila kukaa. Alimwambia habari za sera na za hoteli. Alimwambia habari za Illasit na za machinjioni. Angeweza kuishia hapo, lakini alimwambia pia habari za fomu, na kwamba mkono uliotia alama ulikuwa wake.

Leshan alichutama, akamshika jike kidevu, akavuta kope kwa kidole gumba kama Nzilani alivyomfundisha.

"Jicho ni jekundu," alisema. "Amezeeka tu. Hawezi zaa tena?"

"Hawezi."

"Na dume hakuna."

"Hakuna hata mmoja."

Akapitisha mkono juu ya mgongo wa yule jike.

"Serikali tunaijua," alisema. "Hata mtoto wa hapa anaijua. Lakini mimi sikupatia serikali kondoo. Nilikupatia wewe."

"Paker, hata mimi nilidanganywa."

"Najua."

Alisema hivyo bila hasira, na hasira ingekuwa afadhali. Akainuka, akausogeza mlango wa miiba, akamwingiza jike katika lile zizi kubwa. Kondoo mzee akasimama katikati, akageuza kichwa huku na huku kuwatafuta wenzake. Leshan aliurudisha mlango mahali pake, akaukandamiza vizuri, kisha akapangusa mikono kwenye shuka.

"Jua ni kali, tuingie ndani," alisema. "Karibu chai, Nzilani."

Miaka saba hakuwa amelitamka jina hilo. Alilitamka vizuri, kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni yeyote aliyefika kutoka mjini.