Mistari Miwili ya Somoe

Niliondoka mji wa Masoko alfajiri, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kwa sababu mwanamke mmoja wa Likawage, Somoe, alikuwa karibu kuachwa. Kifua kikuu kilionekana kimemrudia baada ya kupona, na mama mkwe wake, Bi Zuhura, akaapa kwamba Somoe alizitupa dawa za kwanza. Mumewe akaanza kuamini. Mimi nilikuwa na ushahidi mkobani. Kwetu hakuna mwingine mwenye diploma ya maabara ya ng'ambo, tena niliyoisomea kwa kuosha vyombo vya watu. Nilipeleka huko vijidudu vya mara ya kwanza na vya mara ya pili vikalinganishwe vinasaba. Picha ikarudi na mistari miwili isiyofanana: vijidudu vya zamani vilikufa, hivi ni vingine, ameambukizwa upya. Hakutupa dawa.

Saa mbili, Nangurukuru. Basi jipya la mtu binafsi, lenye redio na pazia, likaishia hapo. Nikasubiri lori la ufuta hadi saa saba, nimevaa tai.

Saa kumi na moja, Likawage. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu, bwana tai,” Bi Zuhura alisema, akakohoa.

Nikatandika picha mkekani, nikawaeleza wote watatu, yeye, mwanawe na Somoe. Somoe akainama kuitazama.

“Huu wa pili si wangu,” alisema taratibu. “Siku ile kifua kilikuwa kikavu, na nesi hapokei kopo tupu. Mama akanisaidia.”

“Ulimsaidia nini?” nikamuuliza Bi Zuhura.

“Kutema. Mimi makohozi ninayo tele. Kwani kosa?”

Mwanawe akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kile kikohozi. Mimi nilikunja picha iliyovuka bahari.

Asubuhi, kabla ya kurudi, niliwasimamia wakwe hao wawili, kila mmoja na kopo lake. Masoko nikachungulia darubini mwenyewe: la Somoe safi, la Bi Zuhura limejaa. Somoe alikuwa amedungwa sindano miezi miwili kwa ugonjwa wa mkwewe.

Kipimo hakikukosea, nasisitiza. Lakini siku hizi, kabla ya kuuliza vijidudu ni vya ukoo gani, nauliza nani ametema.

Somoe hakuachwa. Kila asubuhi humpa Bi Zuhura vidonge, kisha humwambia, “Fungua mdomo, mama, nione.”